Magurudumu ya Kushonwa

Mteja akifika kwa Spoku na baiskeli iliyopinda, haulizwi baiskeli ina nini. Huulizwa, "Umeifanya nini?" Akijibu kwamba ilipinda yenyewe, Spoku humrudishia na kumwambia akakae nayo nyumbani, huenda ikajinyoosha yenyewe vilevile. Watu wa mtaa wamezoea. Wanajua kwamba mwanamke yule mwembamba na mrefu, aliyenyooka kama waya wa gurudumu hata wakamwita Spoku, hana ugomvi na mtu. Ugomvi wake ni na uongo. Na kazi yake haina mpinzani. Gurudumu likitoka mikononi mwake huzunguka bila kuyumba hata unene wa ukucha.

Ufundi aliupata kwa baba yake. Mzee Pampu ndiye aliyefungua karakana ile: chumba kimoja chenye mlango mpana wa bati, benchi la mbao lililoshiba grisi, na ukuta ambao kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili isiporudishwa pengo lionekane. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Jirani mmoja alipomsikitikia kwamba kazi yake itazikwa naye, alimwita binti yake wa pili, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya gurudumu lililopinda, akampa spana. Kisha akamgeukia jirani. "Haya, huyu hapa. Sasa una ruhusa ya kwenda kumsikitikia mwingine."

Mzee huyo alikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizipita zote: tairi liwe gumu. Kabla baiskeli haijavuka kizingiti cha karakana, aliinama akabonyeza matairi yote mawili kwa kidole gumba. Gumba likizama hata kidogo, baiskeli ilirudi ndani. "Tairi laini ni aibu," alisema. "Ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga vifungo." Mji wote ulijifunza kwake. Mpaka leo vijana wa pale wakikutana barabarani hubonyezana matairi kabla ya kusalimiana, na mwenye tairi laini huchekwa mpaka ashuke akajaze.

Binti wa kwanza wa mzee hakufundishwa baiskeli. Alipokuwa na miaka minne homa ilimpitia, ikaondoka na nguvu za miguu yake. Alipofikisha umri wa kwenda kazini, mama yake alimnunulia cherehani ya mkono, na chumba cha pili cha jengo lile kikawa chake. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna dirisha dogo lisilo na kioo. Kwa zaidi ya miaka thelathini ndugu hao wawili wamepitisha humo chai, mikasi, matusi ya kindugu na ushauri usioombwa. Huyo dada mkubwa watu humwita Mkasi. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kushona. Wenyeji wanajua ni kwa sababu ya ulimi.

Mkasi hushona maturubai. Hashoni magauni, kwa kuwa, kama asemavyo mwenyewe, gauni lina mwenye kujitazama kwenye kioo, na turubai halibishani na mtu. Kazi yake kubwa kuliko zote aliimaliza miaka kumi na minane iliyopita: turubai la kivuli la tamasha la jangwani, vipande mia mbili na kumi na viwili vya kitambaa kizito, lenye uwezo wa kuwafunika watu elfu moja waliokaa. Alilishona kwa miezi saba, kipande kwa kipande, sehemu iliyokwisha ikitolewa mlangoni na kukunjwa uani, kwa sababu chumba hakikuweza kulibeba lote.

Saa mbili kwa gari kutoka mjini kuna ziwa lililokauka zamani, lililobaki tambarare jeupe la vumbi jepesi kama unga uliochekechwa. Kila mwaka, kwa siku nne, watu kutoka pande zote hukutana huko kwa muziki, mashine za kuchekesha na tiara kubwa kama nyumba. Magari huishia getini. Kutoka getini hadi katikati, mahali turubai linaposimamishwa, ni mwendo wa kilomita moja wa vumbi linalomeza kiatu.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo lisilokaa sawa. Katika miaka yote kumi na minane, Mkasi hakuwahi kuliona turubai lake likiwa limesimama.

Alijaribu mara moja, miaka tisa iliyopita. Magurudumu membamba ya kiti chake yalizama palepale getini. Kijana mmoja mwenye nguvu, aliyekuwa na nia njema na haraka nyingi, hakumuuliza kitu. Alimnyanyua, akamtupia mgongoni, akaanza kukata vumbi. Hatua kama mia mbili mbele aliingiza mguu kwenye shimo, wakaanguka wote wawili. Gauni la Mkasi lilipanda hadi mahali ambapo gauni la mtu mzima halipaswi kupanda mbele za watu, na watu walicheka. Huenda hawakucheka kwa ubaya. Lakini aliyelala chini hana mizani ya kupimia vicheko. Spoku alimfunika kwa koti lake. Mkasi alijifuta vumbi mdomoni, akasema maneno ambayo Spoku hajayasahau.

"Nirudishe kwenye gari. Kuanzia leo mimi sibebwi. Nitakwenda ninakofika mwenyewe, nisikofika basi."

Akatimiza. Kila mwaka lori lilichukua turubai, kila mwaka likalirudisha limejaa vumbi, naye akalikung'uta na kuliziba. Tamasha alilijua kwa yale yaliyonaswa kwenye pindo: shanga, vifungo, nywele, mara moja jino la mtoto. Huruma isiyouliza ni dharau iliyofua nguo zake, na Mkasi alikwisha kuipata ya kumtosha.

Mwaka wa kumi na nane ikaja barua. Kamati ya tamasha ilimshukuru fundi kwa huduma yake ya muda mrefu, ikamjulisha kwamba mwakani litanunuliwa turubai jipya la plastiki kutoka kiwandani. Hili la zamani lingesimamishwa kwa mara ya mwisho.

Mkasi aliisoma, akaipitisha dirishani. Spoku akaisoma akiwa na mikono ya grisi, ikabaki na alama za vidole vyake.

"Miezi mingapi imebaki?" aliuliza Spoku.

"Mitano. Kwani?"

"Nataka kujua tu."

"We, mimi nimekujua tangu ukinyonya. Ukisema 'tu' kuna jambo."

"Nikikutengenezea kitu cha kukufikisha mwenyewe, bila mtu kukugusa, utakwenda?"

Cherehani ilinyamaza upande wa pili. Spoku aliinamia dirisha achungulie.

"Nitakwenda," alisema Mkasi. "Lakini nikikwama, mdogo wangu, ukaita watu wanibebe, usinipitishie tena chai hapa dirishani."

Hivyo ndivyo jambo lilivyofungwa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na Spoku hakuwa mtu wa kuvua nguo kwa mzaha.

Fremu haikumsumbua. Alichomelea mabomba ya baiskeli mbili za zamani, akapata chombo cha magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, chenye kiti kipana na pedeli za kuzungushwa kwa mikono. Mikono ya Mkasi, iliyozungusha cherehani maisha yake yote, ilikuwa na nguvu kuliko miguu ya watu wengi. Mnyororo hakuutia mafuta, maana mafuta hushika vumbi na vumbi hula chuma. Aliupaka nta ya mshumaa.

Shida ilikuwa matairi. Tairi la baiskeli ni jembamba, na kitu chembamba hukata vumbi kama kisu. Alihitaji tairi pana mara mbili, na tairi kama hilo halikuuzwa mjini. Alichukua rimu mbili, akaziunganisha ubavu kwa ubavu zikawa rimu moja pana. Kisha akachukua matairi mawili, akakata kila moja ukingo wake mmoja, akayapitisha dirishani.

"Hayo nini?" aliuliza Mkasi.

"Yashone pamoja. Yawe tairi moja."

"Mimi nashona turubai."

"Dada, umekuwa ukijisifu miaka yote hii kwamba mshono wako unashika hata upepo wa jangwani. Leo kazi yako ni kushika upepo wa ndani. Au umeogopa?"

"Aliyekufundisha mdomo huo ni nani?"

"Wewe."

Mkasi aliyashona. Alitumia msumari wa kutobolea ngozi na uzi uliopakwa nta, mishono miwili sambamba, tundu baada ya tundu, akaweka utando wa turubai kwa ndani ili uzi usiile tyubu. Matairi matatu yalimchukua wiki sita. Vidole vyake vilitoka damu, akavifunga vitambaa, akaendelea. Mzee Pampu, ambaye siku hizo kazi yake ilikuwa kukaa kwenye sanduku mlangoni na kukagua mambo ya watu, aliyapapasa matairi yale kama anayepapasa shavu la mjukuu. "Hii ndiyo kazi," alisema.

Nyuma ya mji kuna kiwanda cha matofali, chenye uwanja wa vumbi laini ambamo malori hukwama. Spoku alipakia mchanga kwenye magunia mpaka uzito ukafanana na wa dada yake.

"Magunia mawili na nusu," alimwambia.

"Nusu hiyo umeitoa wapi? Mimi ni mawili kamili."

"Nusu ni mdomo."

Alijaza matairi kwa pampu ya baba yake mpaka yakalia kama mbao yakigongwa, maana ndivyo alivyofundishwa. Akayaweka magunia kitini, akasukuma. Chombo kikazama. Akapunguza magunia, kikazama. Akabadilisha meno ya mnyororo, akasogeza kiti nyuma, akasogeza mbele, kikazama, kikazama. Wiki tatu alirudi nyumbani jioni akiwa mweupe wa vumbi na mweusi wa hasira.

Siku moja msumari uliofichwa na vumbi ulichoma tyubu moja ya nyuma, pancha ndogo ya polepole. Hakuiona. Aliona tu kwamba upande ule wa chombo umeacha kuzama. Aliinama, akabonyeza tairi, gumba likazama; akaitazama alama yake chini: pana, ya kina kifupi, kama mahali palipopitishwa kifimbo cha kusukumia unga. Alama ya upande wa pili ilikuwa mtaro. Alisimama pale akiwa na spana mkononi, na kitu kilichomjia kwanza hakikuwa furaha. Kilikuwa haya. Miaka thelathini na saba alikuwa amewaambia watu kwamba tairi laini ni aibu, na hapakuwa na siku hata moja aliyojiuliza, aibu hiyo ni ya barabara gani?

Akainama kwenye tairi gumu, akabonyeza sindano ya valvu, akatoa upepo. Hewa ilitoka ikilia. Alitoa mpaka gumba lake likazama hadi mwisho wa ukucha. Akafanya hivyo na la mbele. Kisha akakaa mahali pa magunia, akazungusha pedeli, na chombo kikatambaa juu ya vumbi kama bata juu ya maji.

Jioni hiyo alimweleza baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Gumba lizame?"

"Mpaka ukucha, baba."

"Na kwenye fremu umeandika nini?"

Spoku alikuwa ameandika jina la karakana kwa rangi nyekundu, kama ilivyokuwa desturi ya mzee kwenye kila baiskeli aliyoijenga.

"Kwa hiyo utamtoa dada yako mbele ya maelfu ya watu, jina langu ubavuni, matairi yamelegea kama maandazi ya jana."

"Barabarani tairi gumu, baba. Kwenye vumbi tairi laini."

"Mimi nilitengeneza baiskeli kabla mama yako hajajua nipo duniani."

"Najua."

"Basi," alisema mzee, akageuza sanduku lake, akampa mgongo. Spoku alidhani mazungumzo yameisha. Alikuwa amemheshimu baba yake vya kutosha kiasi cha kutomwogopa, na hilo lilimfanya asahau kumchunga.

Asubuhi ya safari waliazima pikapu ya kiwanda cha matofali. Spoku alikuwa amepima upepo wa matairi jioni iliyotangulia, akaridhika. Alipokuwa ndani akimsaidia Mkasi kufunga kilemba, mzee alibaki uani na chombo. Walipotoka, alikuwa amekaa kwenye sanduku lake, amevaa koti lake la harusi za watu, anahema kidogo.

"Baba, umechoka kabla hatujaondoka?" aliuliza Mkasi.

"Uzee," alijibu mzee.

Walifika getini jua limepanda kiasi. Ukungu wa vumbi ulikuwa umelala juu ya tambarare, na katikati yake, mbali, Spoku aliona kitu cha rangi ya maziwa kimejikunjua angani. Hakumwonyesha dada yake. Mkasi naye hakutazama huko. Alikuwa anavaa glovu za turubai alizojishonea, kidole baada ya kidole, kama daktari.

Kushoto na kulia watu walikuwa wakisukuma baiskeli zao. Wengi walikuwa wa mji wao, wenye matairi magumu kama jiwe, nao walizikokota kama mbuzi wasiotaka kwenda machinjioni. Walipoona chombo cha magurudumu ya kushonwa kikishushwa, wakasimama.

"Mkasi! Hilo trekta umelipata wapi?"

"Nimelishona," alijibu Mkasi. "Nawe ungejua kushona ungeanza na mdomo."

Akazungusha pedeli. Chombo kikaenda hatua kumi, ishirini, thelathini. Kisha mbele ikazama. Mkasi akakaza mikono, na nyuma nayo ikazama mpaka kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Akakaza tena. Magurudumu yakachimba.

Wabebaji wa kujitolea, vijana wanne wenye vizibao vya kijani, walikuja mbio.

"Mama, usijali. Tunakubeba sasa hivi. Wewe ni mwepesi kama begi."

"Begi halina mdomo," alisema Mkasi. "Mimi ninao, nao unasema hapana." Sauti yake ilikuwa imara, lakini mikono yake ilikuwa imekaza pedeli bila kuachia. Hakugeuka nyuma. "Mdogo wangu," aliita polepole, kwa sauti ya dirishani, "chai yangu iko hatarini."

Spoku alikwisha kupiga magoti. Aliweka gumba kwenye tairi la nyuma. Halikuzama hata unywele. Akajaribu la pili. Jiwe. Mshono wa Mkasi ulikuwa umevutwa mpaka uzi ukaonekana mweupe kwenye kila tundu, ingawa hakuna hata mmoja uliokuwa umekatika.

Alinyanyua uso, akamtazama baba yake. Mzee Pampu alikuwa anatazama tiara angani kwa bidii kubwa.

Watu walikuwa wengi, na wengi wao walimjua mzee. Spoku angeweza kusema, na angekuwa na haki. Angeweza pia kusema uongo wa adabu, kwamba jua limevimbisha matairi, na kila mtu angeondoka na heshima yake. Lakini mwanamke aliyewafukuza wateja kwa kusema baiskeli imepinda yenyewe, angewezaje kusema tairi limejaa lenyewe?

Alianza na kosa lake. "Nimekosa," alisema, na alilisema kwa sauti ya kusikika. "Karakana yetu ina sheria. Hakuna kinachovuka kizingiti kabla hakijabonyezwa. Leo nimekivusha sijakibonyeza."

Hakumwangalia mzee tena. Alibaki amepiga magoti na mkono wake uko kwenye valvu, haubonyezi.

Mzee Pampu akavua koti lake la harusi, akampa mmoja wa wabebaji alishike, akaingia kwenye vumbi. Magoti yake yalilia alipoinama.

"Ondoa mkono," alimwambia binti yake. "Nimejaza mimi. Nitatoa mimi."

"Umejaza wewe, baba?" Mkasi aligeuka kwenye kiti.

"Nimejaza mimi, asubuhi, mkiwa ndani mnajifunga vilemba. Sikutaka wanangu wachekwe." Akabonyeza sindano. Hewa ikalia. "Mpaka wapi?"

"Mpaka ukucha," alisema Spoku.

Mzee alitoa upepo, akabonyeza, akatoa tena, akabonyeza, kwa uangalifu uleule aliokuwa akijazia. Gumba lake, lililokuwa na kovu la kila tairi la mji ule, lilizama hadi ukucha na kusimama hapo. Akahamia la pili. Akahamia la mbele. Hakuna aliyecheka. Nimeona watu wakiomba radhi kwa hotuba ndefu na mikono mfukoni. Mzee huyu hakutoa hotuba, alitumia gumba.

Wale wabebaji walikivuta chombo kutoka kwenye mashimo, Mkasi akiwa juu yake bila kuguswa, akilalamika kwamba wanakivuta kama wezi. Kisha wakakaa kando.

Alizungusha pedeli. Matairi yalitanuka, yakajilaza, yakashika. Hatua thelathini zikapita, zikapita mia. Mahali pale ambapo miaka tisa iliyopita alianguka, au mahali panapofanana napo, Spoku alimwona akipunguza mwendo kidogo, akatazama chini, akaongeza. Nyuma yake alama tatu pana zilijiandika kwenye vumbi, na Spoku na baba yake walizifuata, nyayo zao zikikanyaga juu ya njia ambayo yeye ndiye aliyeifungua. Mara mbili alisimama kupumzisha mikono. Mara moja upepo ulinyanyua vumbi likawafunika wote, na Spoku akajikuta anatembea akisikia tu mlio mkavu wa mnyororo mbele yake, unakwenda, unakwenda. Kisha vumbi likatua, na kivuli kikaanza.

Mkasi aliingia chini ya turubai lake kwa mikono yake mwenyewe.

Alisimamisha chombo katikati, akavua glovu, akatazama juu. Spoku alifika akasimama kando yake, naye kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho hakuna mtu hutazama anapotafuta kivuli. Kwenye kila mshono, kila tundu la sindano lilikuwa linapitisha jua. Maelfu kwa maelfu ya vitone vya mwanga, vimepangwa mistari iliyonyooka, kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanakula na kupiga soga bila habari. Kila kitone kilikuwa mahali mkono wa dada yake ulipopitisha sindano mara moja.

Mkasi alitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inasogea, na Spoku akajua anahesabu vipande.

"Ule," alisema hatimaye, akinyoosha kidole. "Safu ya saba. Mshono umekwenda upande."

"Sioni kitu, dada."

"Mimi naona. Niliushona wiki ile tuliyomzika mama. Macho yalikuwa hayaoni sawasawa." Akashusha kidole. "Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kama utashika."

Mzee Pampu, aliyekuwa amefika akihema, alitazama safu ya saba. Upepo ulilinyanyua turubai lote, likajaa kama kifua, likatua. Mshono uliokwenda upande ulijaa pamoja na mingine na kutua pamoja na mingine.

"Umeshika," alisema mzee.

"Umeshika," alisema Mkasi, na akainua kidevu kama mtu anayepigwa picha. Mtu wa kamati alipopita na kuuliza bibi huyu ni mgeni wa nani, alijibu bila kushusha macho. "Mimi si mgeni. Wewe ndiye umesimama chini ya kazi yangu."

Adhuhuri ilipofika habari zilikuwa zimekwisha kutembea. Watu wa mji wao walifuata zile alama tatu pana wakikokota baiskeli zao, wakafika kwenye nguzo ya kati, ambako Mzee Pampu alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, koti la harusi limekunjwa magotini. Walipanga mstari. Alibonyeza, akatoa upepo, akabonyeza, akamsukuma mtu na baiskeli yake bila salamu. Spoku alimshikia baiskeli moja baada ya nyingine. Chombo cha Mkasi hakikuwapo. Mwenyewe alikuwa amekwenda kuzunguka turubai kwa nje, kwa mara ya tatu, kukagua kamba.

Ikafika zamu ya mwanamume mmoja mnene wa makamo, mteja wa karakana tangu utotoni.

"Mzee," alisema akicheka, "si wewe uliyetufundisha kwamba tairi liwe jiwe? Mji mzima tumekuamini."

Spoku aliganda na usukani mkononi.

Mzee hakunyanyua uso. Gumba lake lilikuwa kwenye tairi, linasikiliza.

"Ndiyo," alisema. "Nilikufundisha mimi. Na sasa mimi ndiye ninayekutolea. Au ulitaka nimtume mtu?" Gumba lilizama hadi ukucha, likasimama. "Binti yangu huyu ndiye aliyenifundisha. Msalimie, kisha upite, kuna watu nyuma yako."